Eulalie Anatafuta Tambarare Cimpunda

Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mabati ya Cimpunda, Eulalie Nsimire amesimama kando ya trekta dogo la rangi ya machungwa, mikono kiunoni, akiitazama barabara kana kwamba imemtukana. Mbele ni mlima. Nyuma ni mteremko. Kushoto, nyumba moja imekaa juu ya paa la nyingine.

"Angalia," anasema. "Nionyeshe fasi moja tu yenye iko sawa. Moja tu! Haiko."

Anachotafuta ni kipande cha ardhi tambarare cha kutosha magurudumu manne, ili apime mafuta ya haidroliki. Hayo ndiyo mafuta yanayoinua sanduku la trela wakati wa kumwaga takataka, na ndiyo yanayolainisha usukani. Yakipungua, trekta linageuka jiwe.

Eulalie, mama wa watoto wanne, ndiye dereva pekee wa chama cha wakazi kinachokusanya takataka za mtaa huu wa Bukavu. Alijifunza kuendesha kule Kavumu, kwenye shamba alilokuwa kibarua, ambako ardhi imelala sawa.

"Kule hatukuwa hata tunawaza. Unazima mashini, unapima, unaenda. Hapa, kupima mafuta ni kama kuomba visa."

Kazi yenyewe haina mengi. Anashusha sanduku la trela hadi chini na kuzima injini. Anafuta vumbi kuzunguka kifuniko, anachomoa kijiti cha kupimia, anakipangusa, anakirudisha, kisha anakichomoa tena. Mafuta yanatakiwa yawe kati ya alama mbili. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia.

Lakini kijiti hakijui mlima. Trekta likiinua pua, mafuta hukimbilia nyuma, kilipo kijiti, na kijiti hudanganya kwamba tangi limejaa.

Kwa miezi mingi, tambarare pekee ya jirani ilikuwa ua wa Maman Clémence, mjane anayeuza unga wa muhogo, ambaye marehemu mumewe aliusakafia kwa saruji. Eulalie alikuwa akiingia asubuhi, anapima, anatoka. Tatizo ni kwamba juu ya saruji hiyo hiyo mjane huyo huanika mihogo yake, na mpira mmoja wa kupitisha mafuta ya haidroliki ulikuwa umeanza kudondosha.

"Mihogo yangu inanuka garage!" Maman Clémence alifoka siku alipogundua. "Nani atakula bugali ya mafuta ya trekta? Weye?"

"Nisamehe, maman. Nilipangusa."

"Ulipangusa na nini? Na hii kitambaa yako nyeusi? Ni vile ulizidi kupaka!"

Kesho yake geti lilikuwa na kufuli.

"Alikuwa na haki," Eulalie anakiri, akipandisha mabega. "Lakini na miye nilikuwa na kazi. Sasa ningefanya je?"

Alikwenda kwa Papa Bulonza, mwenyekiti wa chama, kuomba mpira mpya na mahali pa kupimia. Mwenyekiti alimsikiliza huku akibonyeza simu.

"Maman Eulalie, kila siku ni mafuta, mafuta. Trekta inatembea ao haitembee?"

"Inatembea, papa."

"Basi. Twende kazi."

Hivyo akapimia barabarani, pua ya trekta ikitazama juu. Kijiti kikasema tangi limejaa. Papa Bulonza alipopiga simu kuuliza kwa nini bado hajaanza kazi, akamjibu kwamba amepima: limejaa. Moyoni hakuamini, lakini takataka zilikuwa zimefurika milangoni na watu walikuwa wanalalamika. Akapakia, akageuza, akaanza kushuka.

Katikati ya mteremko akasikia mngurumo chini ya kiti. Mafuta machache yaliyobaki yalikuwa yamekimbilia mbele, mbali na pampu, nayo ikawa inavuta hewa. Usukani ukakaza.

"Nilivuta na mikono mbili, nikavuta na kifua. Wapi! Kule chini nilikuwa naona bamama na mabeseni ya samaki sambaza, benye kukaa kando ya barabara. Nilipiga kelele mupaka sauti ikaisha."

Alikanyaga breki kwa nguvu zote, akauning'inia usukani hadi ukakubali kidogo, na trekta likachoma pua kwenye ukingo wa udongo. Trela likalala ubavu. Taka za mtaa mzima zikamwagika barabarani. Wauza sambaza walikuwa wameshatimua mbio. Aliyeumia ni Eulalie peke yake, kifundo cha mkono kikiwa kimeteguka.

Papa Bulonza alifika akihema, viatu vyake vikizama katika maganda ya ndizi.

"Lakini si ulisema iko full?"

"Ilikuwa full kwa mulima, papa! Kwa mulima! Nilishakuambia mara ngapi?"

Hapo ndipo machozi yalipomtoka. Mkono ulimuuma, lakini anasema alichokuwa analia ni hasira.

Mtu wa kwanza kuokota beleshi alikuwa Maman Clémence. Alizoa taka, uso ameukunja, hadi njia ikapitika. Kisha akatoa ufunguo kwenye pindo la kitenge.

"Ile ya mihogo sijasamehe," alisema. "Lakini sitaki kusikia ulikufa juu ya kufuli yangu. Uje asubuhi mapema, mbele sijaanika. Na ulete beseni ya kuweka chini."

Mpira mpya ulinunuliwa juma lilelile. Papa Bulonza naye amebadilika: sasa hupiga simu asubuhi kuuliza kama mafuta yamepimwa, halafu hupiga tena kuhakikisha. Eulalie anasema heri alipokuwa hajali.

Hata ufunguo haukumaliza shida. Jua likiwahi, Maman Clémence naye huwahi kuanika, na trekta hubaki nje ya geti likisubiri.

Kwa hiyo kiangazi hiki Eulalie ameanza kuchimba mteremko ulio kati ya nyumba yake na barabara, apate uwanja wake mwenyewe. Mumewe, Jacques, fundi viatu, alitaka pajengwe chumba cha kupangisha. Wamebishana wiki nyingi, mezani na kitandani.

Jumamosi tunayomtembelea, Jacques anatoka ndani, anavua shati, anachukua sururu.

"Umekubali?" Eulalie anauliza.

"Sijakubali. Nimechoka kusikia."

Eulalie anataka saruji iwe imekauka kabla ya mvua za Septemba. Baada ya hapo atamfundisha jirani yake, Charlène, kuendesha na kupima, kwa sababu, anasema, siku moja ataugua na takataka hazitamsubiri.

"Nitaingiza trekta, nizime, nipime pole pole. Bila kuomba mutu."

Jacques anainua kichwa kutoka shimoni. "Na chumba?"

"Chimba kwanza."