Theluji ya Pamba

Fundi wa mapazia wa Hamriya, mtaa wa Maskati, alizoea kunong'ona, utadhani kila nyumba aingiayo mna mtu kalala. Mikono yake ndiyo haikutulia: huchambua pamba, huipuliza, huitandaza mpaka iwe theluji, na kwa kupamba maduka wakati wa sikukuu hapana aliyemshinda. Mwaka ule televisheni ilipoita wenye biashara wajieleze mbele ya matajiri, alikwenda na ndoto moja, nyumba ya theluji, watoto wa Maskati wacheze humo likizo nzima. Bila ya mtaji wao, basi tena. Na kwa kuwa pamba haina baridi, aliinyunyizia karafuu maiti ili mtu akivuta pumzi ahisi ubaridi.

Matajiri waliiinamia pamba aliyoitandaza mbele yao, wakanusa, wakatabasamu. Ila mmoja, mzee wa Kiunguja, alirudisha kiti nyuma.

"Mwanangu," akamwambia kwa Kiswahili, "pamba na karafuu maiti sisi humtilia maiti. Nani kafa?"

"Hapana aliyekufa, ami. Ni baridi tu hiyo."

"Basi umemtandikia nani?"

Mzee akawafasiria wenzake, nao wakafunga madaftari yao mmoja mmoja. Fundi akageuka kuitazama theluji yake. Alikuwa ameitandaza urefu wa mtu, na katikati ilikuwa imebonyea.