Mkato Ambao Orest Hakuukata

Orest Wasylyk alilisikia pikapu la Demchuk kabla halijapinda kona ya maghala ya ngano. Lilikuwa likigonga, ko, ko, ko, kama mtu aliyefungiwa ndani ya pipa. Akaweka spana chini. Miaka tisa alikuwa akiingoja sauti hiyo, na mara nyingine, akiwa mezani kwake, aliisikia hata gari likiwa halipo.

Gereji yake ilikuwa ya pekee katika mji ule mdogo wa Saskatchewan. Watu walisema Orest hajawahi kumbambikia mtu kipuri. Yeye aliwaacha waseme.

Slavka Demchuk akashuka, amevaa koti la marehemu mumewe, Nestor, aliyekuwa rafiki wa Orest.

"Shemeji, huyu mzee anakohoa."

"Amekwenda kilomita laki sita na ushee. Hata wewe ungekohoa."

Wasyl, mstaafu aliyekuja kila asubuhi kunywa kahawa gerejini, akadakia, "Hilo gari ni zee kuliko meno yangu!"

"Meno yako ni ya dukani, Wasyl. Yana miaka mitatu. Maliza kahawa uende."

Wasyl akacheka, akaondoka. Walipobaki wawili, Orest akajifuta mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Njia ni mbili," alisema. "Niifungue injini yote na kuifunga upya, au tuweke nyingine. Ipo moja Saskatoon, haijatembea sana. Ningekuwa wewe, ningeweka hiyo. Hii tuipeleke skrepa."

Ulikuwa ushauri ambao fundi yeyote angeutoa, na kwa sababu hiyo ulifaa sana kuficha jambo.

"Hii wewe mwenyewe uliifunga upya, na Nestor akaisifu mpaka nikaona wivu," Slavka alisema. "Siitupi bila kuiona. Nifungulie chini nitazame."

Orest akaliinua gari kwa jeki, akaingia chini. Kila alipolala chini ya gari, lolote lile, alihisi kuna mtu amekaa juu yake kwenye kiti cha dereva, kimya, akingoja.

Alipoifunga injini hiyo upya ilikuwa Septemba, jua kali, mavuno shambani, na kila mkulima alilitaka gari lake jana. Injini hupumua kupitia mpira unaoning'inia chini. Mafundi wa huko hukata mkato mdogo juu ya mpira huo, karibu na injini, ili barafu ikiziba mdomo wa chini, hewa ipate pa kutokea. Pasipo mkato, hewa husukuma oili nje mpaka iishe. Orest alifunga mpira mpya, akasahau kuukata. Nani hukumbuka barafu mwezi wa Septemba?

Januari iliyofuata, baridi ikiwa arobaini na moja chini ya sifuri, Nestor alikutwa amekufa, amekaa ndani ya pikapu kwenye barabara ya shambani, injini imezimwa. Orest ndiye aliyelivuta gari. Gerejini aliona oili imetapakaa tumboni mwa gari na mpira umejaa barafu. Akachukua kisu, akaukata. Akajaza oili, injini ikawaka. Daktari aliandika kwamba ni moyo. Watu wakasema Nestor alizima mwenyewe, alikuwa mbahili wa mafuta. Orest hakusema kitu.

"Unajua nilimwambia nini asubuhi ile?" Slavka aliuliza, sauti yake ikishuka kutoka juu.

"Sijui, shemeji."

"Nilimgombeza. 'Usiache gari linaunguruma bure, mafuta hayachotwi mtoni.' Ndiyo maana akalizima. Kila mkesha wa Krismasi namwekea sahani yake mezani, kama tunavyowawekea wafu wetu, halafu nala nimeipa mgongo. Siwezi kuitazama."

Mkono wa Orest ukasimama. Siku zote alidhani ukimya wake unamtafuna yeye peke yake, na mtu anayedhani hivyo huanza hata kujiona mwungwana. Kumbe mzigo alikuwa ameutua juu ya kichwa cha mjane.

Akashusha sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, akafungua beringi moja, akatoka nayo. Slavka akaipeleka dirishani. Ilikuwa imechanika mistari, upande mmoja umekuwa mweusi kwa kuungua.

"Huu ni uzee?"

Angesema "ndiyo," na dunia nzima ingemwamini.

"Si uzee. Ni kukosa oili," alisema. Kisha akamwambia yote, mpira, kisu, na miaka tisa ya kuficha. Mavuno hakuyataja kuwa kisingizio.

Slavka alikaa juu ya tairi.

"Kwa hiyo hakulizima kwa ajili yangu."

"Taa ya oili iliwaka, akazima ili injini isife. Mtu yeyote mwenye akili angefanya hivyo."

"Na wewe ulijua tangu lini?"

"Siku ile ile."

"Ulibeba jeneza."

"Nilibeba."

"Ukala nyumbani kwangu baada ya maziko, kabichi nilizoviringishia wali kwa mikono hii nikilia."

"Nilikula."

Slavka akaitia beringi mfukoni.

"Sasa niambie kama fundi. Inafaa kufungwa upya?"

"Inafaa. Silinda ni nzima. Ile ya Saskatoon nilikuwa nakukwepa tu."

"Basi itafungwa upya. Ila hutaigusa wewe."

Akapiga simu mji wa jirani, Canora, kuita gari la kuvuta. Orest akarudi chini akafunga sampo, boliti zote, ingawa hakuombwa. Walipoondoka na pikapu, Slavka alikaa mbele na dereva, na hakugeuza shingo.

Kesho yake Wasyl aliingia, akajimiminia kahawa. "Vipi, lile zee la Demchuk umelizika?"

Orest akavuta kiti. "Kaa, Wasyl," alisema. "Na ukitoka hapa, wasimulie wenzako kama nitakavyokusimulia mimi."