Nzi Wasiokuwepo

Nakumbuka jioni moja, mwanangu, nilikuwa nimetoka mjini Noonkopir kuja kuwaona wazazi, na ndugu yangu Lemayian amesimama kwenye lango la boma akifukuza nzi. Anapunga mkono, anapunga tena. Nikaangalia vizuri: nzi hakuna. Na unanijua mimi, nikianza kuuliza sinyamazi.

Sisi hatuhesabu ng'ombe kwa namba. Mtu anasimama langoni wakiingia, na aliyekosekana anamjua kwa rangi. Jioni hiyo Lemayian alisema yule mwenye madoa haonekani. Na ng'ombe huyo alikuwa amepita upande wake wa kushoto, nusura amkanyage! Watu walicheka. Mjomba akasema ni trakoma tu, ugonjwa wa macho tunaoujua huku kwetu kwa sababu ya vumbi na nzi, akaleta dawa ya kupaka.

Mama ndiye aliyekataa. Alimshika Lemayian kidevu, akamgeuza atazame mwanga.

"Trakoma inawasha, inatoa machozi," alisema. "Jicho hili ni safi. Kwa nini halioni? Mnapaka dawa kabla ya kuuliza?"

Basi nikamfunika jicho la kulia kwa leso, nikamwambia atazame pua yangu, nikasogeza fimbo polepole kando. Jicho la kushoto liliona nusu tu. Nilipofunika la kushoto, la kulia liliona yote, lakini alisema vidoa vyeusi, wale nzi wake, vimeanza kuelea humo pia. Niliogopa sana. Nikamwuliza, "Lemayian, dawa zako ziko wapi?"

Alikuwa anaishi na virusi vya ukimwi, na nyumbani sote tulijua. Kiangazi kilimpeleka mbali kutafutia mifugo malisho, dawa zake za ARV zikamwishia huko, na kwa vile alijisikia ana nguvu, hata mvua iliponyesha hakurudi kliniki.

Kesho yake tulikuwa Kitengela. Daktari alimtia matone ya kupanua mboni, akachungulia ndani kwa taa, na mimi huyo nyuma ya bega lake: unaona nini? Alinivumilia. Alisema kuna kirusi kingine ambacho wengi wetu tunacho, kimelala tu. Kinga ya mwili ikishuka sana, kinaamka na kuharibu utando wa nyuma ya jicho, ule unaotuwezesha kuona. Wala hakiumi. Palipoharibika hapatarudi, alisema, lakini jicho la kulia bado tunaweza kuliokoa.

Tulitumwa hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Akatibiwa kirusi hicho, akarudishwa kwenye ARV. Jicho la kushoto lilipotea. La kulia likapona.

Mpaka leo anasimama mahali ambapo ng'ombe wote wanapita kuliani kwake. Juzi nilimwona akipunga mkono tena, moyo ukanishtuka. Kumbe alikuwa nzi wa kweli. "Huyu hata wewe unamwona," akaniambia, tukacheka mpaka machozi.

Kwa hivyo mwanangu, ukihama, dawa zako zihame nawe, na zikikaribia kuisha tafuta kliniki iliyo karibu, hata kama unajisikia mzima. Ukiona vidoa vinaelea, au mwanga unamulika ghafla, au upande mmoja umefifia, usingoje maumivu. Nenda uangaliwe siku hiyo hiyo.

Enkai, Mungu wetu, akujalie macho ya kuwaona wajukuu wako, na akuwekee karibu mtu wa kukuuliza dawa zako ziko wapi.