Masikio Mapya ya Aabo

Baba yangu alianza kuwa kiziwi akiwa bado kwetu Ijara, na hakumwambia mtu. Tuligundua kwa sababu ya redio. Ndugu yake mdogo, ambaye alikaa naye boma moja tangu mama yangu afariki, alinipigia simu akilalamika kwamba taarifa ya habari ya Kisomali sasa inasikika mpaka malishoni. "Mzee anaifungulia mpaka mwisho," alisema, "halafu bado anailalia kama anayesikiliza tumbo la mbuzi mwenye mimba." Alikuwa akicheka. Miezi michache baadaye alipiga tena, na hakucheka. Lori lilipiga honi nyuma ya mzee barabarani, dereva akadhani atasogea, naye hakusogea. Lilimkosa kwa upana wa kiganja.

Ndipo tukamleta mjini, mtaa wa Waberi, nyumbani kwangu.

Kwetu Wasomali, baba humwita mtoto wake kwa neno lile lile analoitwa na mtoto. Mimi namwita Aabo, naye ananiita Aabo. Tangu nikiwa mdogo neno hilo limekuwa likienda na kurudi kati yetu, na sikuwahi kulifikiria. Sasa nikawa naliita mara tatu, mara nne, na halirudi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari hapa mjini, na sauti yangu imezoea kufika dawati la nyuma. Kwa Aabo haikufika.

Lakini lazima niseme ukweli: mwaka ule wa kwanza haukuwa mbaya. Aabo aliishi kwa macho. Aliketi kwenye mkeka wake barazani, mgongo ukutani, mahali ambapo aliliona geti na aliuona mlango wa sebuleni pia. Nikirudi kutoka shuleni, kabla sijavua viatu, alikuwa ameshausoma uso wangu. "Leo wamekuudhi," alikuwa akisema. Au, "Leo mkuu wako amekusifu." Hakukosea mara nyingi. Binti zangu wawili walijifunza kumgusa goti kwanza, kisha kumtazama, kisha kusema polepole. Mume wangu, ambaye ni mtu wa maneno machache, alisema nyumba haijawahi kuwa na mtu anayemsikiliza kama mzee huyu asiyesikia.

Mimi niliona mateso. Nilikuwa nimesoma kwenye simu kuhusu mashine za masikio, nikatazama video za watu wanaozivaa kwa mara ya kwanza na kulia kwa furaha, nikajiambia: dawa ipo, nasi tumeikalia. Likizo ilipofika nikampeleka Nairobi.

Fundi alikuwa msichana mwenye mikono mitulivu. Alimpima siku mbili, kisha akamvalisha mashine mbili ndogo nyuma ya masikio, akabonyeza kitu kwenye kompyuta yake na kuuliza, "Mzee, unanisikia?"

Aabo alishtuka. Alimtazama, akanitazama mimi, kisha akajibu kwa Kiswahili chake cha soko la mifugo: "Nasikia. Usibige kelele."

Nilicheka na machozi yakanitoka. Tulipokuwa mlangoni tukiondoka, msichana yule alinishika mkono. "Mama, elewa kitu kimoja. Mashine inakuza sauti. Haichagui sauti. Kuchagua ni kazi ya ubongo, na ubongo wa mzee umekaa muda mrefu bila kazi hiyo. Mpe muda." Katika maneno yote hayo, mimi niliondoka na mawili ya mwisho tu.

Asubuhi ya kwanza nyumbani Aabo alisikia viatu vyake mwenyewe. Alivaa makubazi akatembea barazani kwenda na kurudi, akisimama, akianza tena, kama anayehakikisha. Alisikia njiwa kwenye mwarobaini. Alisikia maji yakiingia kwenye birika ya udhu. Binti yangu mdogo aliketi mbele yake na kumsomea sura fupi aliyohifadhi madrasa, naye akamsimamisha mahali pamoja na kumrekebisha. Mtoto akaruka akinitangazia habari za babu yake. "Awowe amesikia! Amesikia nilipokosea!" Nilisimama jikoni nikilia juu ya unga wa anjera.

Siku nne tulikaa hivyo.

Sikuwa nimejua nyumba yangu ina kelele kiasi gani. Televisheni huwashwa baada ya chakula cha mchana na haizimwi. Mara nyingi ni tamthilia za kigeni zilizotiwa sauti za Kiswahili, watu wanalia na kufungiana milango, na hakuna anayeitazama kwa dhati. Binti mkubwa ana simu, na kwenye simu video fupi fupi, kila moja na wimbo wake, mmoja ukianza kabla mwingine haujamaliza neno. Mume wangu akirudi kutoka dukani husikiliza habari kwenye simu yake, juu ya televisheni. Kuna feni. Kuna jenereta ya jirani stima zikipotea. Nje kuna tuktuk zinazopita na muziki unaotikisa dirisha. Sisi tumeyazoea yote hayo kama tulivyozoea joto. Aabo yalimmwagikia yote kwa pamoja, yakiwa na nguvu sawa.

"Nasikia feni," aliniambia. "Nasikia vijiko. Nasikia mwanamke wa televisheni analia. Wewe sikusikii, Aabo."

Nikaweka sheria: televisheni isiwashwe mzee akiwa sebuleni, simu zisilie ndani. Binti mkubwa aliniuliza, "Hooyo, sasa tuishi kama tuko msibani?" Nilimkaripia. Lakini siku ya tatu ya sheria hiyo, shule zikiwa zimefunguliwa, baada ya vipindi saba na rundo la insha za kusahihisha, mimi mwenyewe niliwasha tamthilia yangu. Niliiwasha kwa sauti ya chini. Nilipogeuka nilimwona Aabo akivua mashine, moja, kisha ya pili, na kuzitia kwenye mfuko wa shati. Hakukunja uso. Alifanya hivyo kwa adabu, kama mgeni anayesogea ili mwenye nyumba apite. Ningeweza kuizima. Nilikuwa nimechoka, nikaendelea kutazama.

Kuhusu msikiti, aliyenisimulia ni mume wangu, maana walikuwa wamesimama bega kwa bega kwenye swala ya adhuhuri. Mashine zile, ukizisogezea kitu karibu, hupiga mluzi mkali. Na katika swala mtu huinua mikono hadi usawa wa masikio. Kila takbira, mluzi. Kwenda rukuu, mluzi. Kuinuka, mluzi. Kilichonichoma zaidi ni hiki: ile ni sauti nyembamba ya juu, na sauti za namna hiyo Aabo hakuzisikia hata akiwa na mashine. Swala ilipomalizika imamu aligeuka na kusema kwa ukali, "Jamani, wenye simu, mmeambiwa mara ngapi?" Watu wakaanza kutazamana, na Aabo naye, alipoona wenzake wanatazamana, akageuka kulia na kushoto kumtafuta mwenye kosa. Mtu mmoja wa safu ya nyuma akamgusa bega na kumwonyesha sikio lake kwa kidole.

"Nilitaka kumwambia imamu," mume wangu alisema. "Mzee alinishika mkono tukatoka."

Nilimwendea Aabo barazani. "Nitakwenda mwenyewe nikaongee na imamu. Hakujua."

"Hutakwenda."

"Lakini Aabo, watu wakielewa—"

"Nimeswali msikitini tangu sina ndevu," alisema, kwa sauti kubwa ya kiziwi ambayo ilifika nyumba ya pili. "Leo nimewaharibia watu swala yao. Hutakwenda kunitangaza."

Tangu siku hiyo aliswali nyumbani, peke yake, kwenye kona ya baraza. Alizivaa mashine mara moja moja ili nisihuzunike. Vumbi liliingia, jasho likaingia, betri ndogo kama punje ya dengu zikawa zinaisha baada ya siku chache, na hazikupatikana hapa mjini. Niliagiza kutoka Nairobi, zikachelewa. Nilimpigia fundi. Alinisikiliza kwa subira, akasema nizilete tena zirekebishwe. Nilimweleza Aabo habari hiyo kwa ishara na kwa kelele. Alitikisa kichwa. Zikaingia kwenye kopo la majani ya chai, juu ya kabati.

Binti mkubwa ndiye aliyemhurumia, na ninakiri nilimshukuru. Alichukua simu yangu ya zamani, akaitengeneza, akamtafutia babu yake video za ngamia. Kumbe ziko nyingi mno. Ngamia wa Uarabuni wanaoshindanishwa kwa uzuri, ngamia wanaokamuliwa, ngamia wanaovuka maji, watu wakigombana juu ya umri wa dume. Alimwonyesha jinsi ya kusukuma kioo kwa kidole gumba. Baada ya wiki moja Aabo alikuwa hodari kuliko mimi.

"Tazama huyu," aliniita siku za mwanzo, akinionyesha. "Nundu yake! Anakunywa nini huyu?" Nikakaa naye kidogo, nikafurahi. Nilidhani tumepata dawa.

Sikumbuki ni siku gani niliingia getini, nikavuka ua, nikavua viatu mbele yake, nikasimama, na hakuinua kichwa. Nilikuwa nimetoka kwenye kikao kibaya shuleni, na sasa naona kwamba njia nzima nilikuwa nikiusubiri ule usemi wake: leo wamekuudhi. Nilisimama mpaka nikaona aibu. Mwanga wa kioo ulikuwa kwenye ndevu zake zenye hina, na kidole gumba kilikuwa kikipanda, kikipanda. Masikio alikuwa amenyang'anywa na uzee. Macho nilimnyang'anya mimi.

Ningefanya nini? Nilijaribu kuificha simu asubuhi moja. Aliitafuta chini ya mkeka, chini ya mto, kisha akaketi na kutazama ukuta. Saa nzima. Nilipomrudishia aliipokea kwa mikono miwili na kusema, "Allah akulipe, Aabo," nami nikaingia ndani haraka. Wajukuu wake wako sebuleni vichwa vimeinama, mume wangu kichwa kimeinama, na mimi mwenyewe, saa ngapi kwa siku? Kwa uso gani ningemwambia mzee asiye na kingine kwamba yeye peke yake aache?

Kisha Jumamosi moja, mchana, simu yangu ililia. Ilikuwa kutoka Ijara. Ndugu yake mdogo, adeer yangu yule wa kucheka, alianguka akinywesha mbuzi, na kabla hawajapata gari alikuwa ameshaondoka.

Nilitoka barazani. Aabo alikuwa na ngamia wake. Nikamgusa goti. Akainua macho nusu, akatabasamu, akanionyesha kioo. Nikasema. Hakuelewa, midomo yangu ilikuwa ikitetemeka na maneno hayakuwa na umbo. Nikakimbia ndani, nikateremsha kopo, nikamvalisha mashine, nikasema tena. Akatikisa kichwa. "Zimekufa," alisema. Betri.

Basi nikainama sikioni mwake na kupiga kelele. "Ndugu yako amefariki!" Nilipiga kelele mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Majirani walisikia. Waliopita njiani walisikia. Wanawake wawili walisimama getini mikono midomoni wakisema inna lillahi, na Aabo, ambaye bado alikuwa hajasikia, aliwaona wao. Alitazama nyuso zao, kisha uso wangu.

"Nani?" aliuliza.

Sikupiga kelele tena. Nililitamka jina la ndugu yake taratibu, bila sauti, naye akalisoma.

Tulifika Ijara wakiwa wameshazika. Siku tatu alikaa na wanaume chini ya turubai, mimi nikiwa upande wa wanawake, na kati yetu pazia la shuka lililokuwa likipigwa na upepo. Kila lilipofunguka nilimwona. Wazee walikuwa wakimkumbuka marehemu. Alikuwa mtu wa vichekesho, kwa hiyo hata msiba wake ulikuwa na kicheko. Kila mmoja aliposimulia, wote walicheka. Aabo alitazama mdomo huu, akakimbilia ule, akachelewa, na wenzake walipocheka naye akacheka, nyuma yao kidogo. Hakuna aliyemgusa goti. Hawakujua desturi hiyo ya nyumbani kwangu, na mimi sikuweza kuvuka pazia.

Kwenye gari tukirudi alikaa nyuma pamoja nami. Simu ilikuwa mfukoni mwake na hakuitoa. Tulipopita mahali penye migunga alianza kunisimulia, kwa ile sauti yake kubwa, jinsi yeye na ndugu yake walivyompoteza ngamia jike hapo wakiwa watoto, wakamfuata siku mbili, wakalala wakiwa wameshikana mikanda ili mmoja asichukuliwe na fisi bila mwingine kujua.

"Mlimpata?" nilimuuliza.

Alikuwa ametazama nje. Nikamuuliza tena, kwa nguvu zaidi, mpaka dereva akageuka. Aabo akaendelea kusimulia.