Kahawa Niliyoipitisha Puani

Mwaka jana niliombwa msamaha na ng'ombe.

Usicheke. Subiri kwanza.

Naitwa Ndelilio, nakaa Soweto, hapa Moshi. Kazi yangu ilikuwa kuonja kahawa kwenye kampuni moja ya wanunuzi. Unanusa kikombe, unafyonza kijiko, unatema, unalipwa. Watu walinionea wivu na mimi nikawaacha waendelee.

Jumapili moja nikapanda Marangu kwa mama mkwe, Mama Kornelia. Akaniomba nimshikie ng'ombe wake apigwe sindano. Ng'ombe mwenyewe anaitwa Malaika.

Malaika wa wapi! Akarusha kichwa, pembe ikanipata puani. Damu mpaka kwenye shati la ibada.

Daktari wa pua, Dokta Nisreen, akanirudishia mfupa.

"Utando wa ndani umechanika vibaya," akasema. "Osha na maji ya chumvi niliyokupa, paka jeli hii. Ina antioxidant, inasaidia kidonda kupona. Usiweke kitu kingine. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, dokta."

Nilielewa sana, kama utakavyoona.

Nikapiga simu Marangu. Malaika auzwe kwa wachinjaji wa Himo, la sivyo mimi huko sikanyagi tena.

Kesho yake mama mkwe huyo mlangoni, mkononi ameshika isale. Kama hujui, kwetu Wachagga mtu akikujia na jani hilo kuomba msamaha, hukatai. Hata awe amekuchomea nyumba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nimekuja kwa niaba ya Malaika."

Mke wangu Brenda akageukia ukutani kucheka. Nikasamehe. Ningefanyaje?

Tatizo, pua ilikuwa haisikii harufu kabisa. Vitunguu vinaungua, mimi nimekaa tu. Na bosi alishasema msimu ukianza sijapona, kiti changu anakalia Sunny, mwonjaji mwenzangu.

Nikaingia mtandaoni kutafuta hizo antioxidant. Nikakuta kahawa inazo kibao.

Aisee! Yaani mtu wa kahawa mzima, dawa iko jikoni kwangu, halafu nahangaika na jeli?

Nikachemsha kahawa nzito, nikaipoza, nikalaza kichwa nyuma, nikamimina tundu zote mbili.

Majirani walidhani kuna msiba. Kidonda kikafumuka, damu ikaanza upya.

Dokta Nisreen alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilisema jeli ina antioxidant," akasema. "Sikusema kila chenye antioxidant ni jeli. Hata parachichi linazo. Utaliingiza?"

Kusema kweli, parachichi nilikuwa nimeshalifikiria.

Brenda akashika usukani. Asubuhi na jioni maji ya chumvi, kisha jeli, na kofi la mkono nikisogelea birika. Taratibu kidonda kikafunga. Siku moja nikasikia harufu ya ndizi anazochoma jirani, nikalia. Nilikuwa nimeogopa sana na sikumwambia mtu.

Msimu ulipokaribia, bosi akaniita anijaribu pua, nikaingia kazini kifua mbele. Nikainamia kikombe cha kwanza.

Tairi linaloungua.

Cha pili, tairi. Meza nzima, tairi! Sabuni nasikia vizuri, mvua nasikia, soksi za Sunny nasikia. Kahawa tu ndiyo inanuka. Dokta akasema hutokea pua ikiumia, huenda ikarudi, huenda isirudi.

Sunny akapewa kiti. Akanifariji kwa kunikaribisha kahawa.

Wakati huo kikundi cha maziwa Marangu kilitafuta mtu wa kunusa maziwa yanapopokelewa, yaliyochacha yarudishwe. Mwenyekiti wake? Mama Kornelia, nani mwingine.

Nikachuma isale, nikapanda.

"Mama, naomba hiyo kazi. Na unisamehe yale maneno ya Himo."

Akaliangalia jani. "Mimi hukunikosea, baba. Uliyetaka achinjwe yuko bandani."

Nikadhani anatania. Akaniongoza mpaka bandani, akina mama wa kikundi nyuma yetu.

Basi nikasimama mbele ya Malaika, nimenyoosha jani, msomi wa kahawa.

"Nisamehe, mama."

Malaika akalinusa, akalitafuna lote. Akina mama wakapiga vigelegele, kazi nikapata.

Somo? Dokta akikwambia usiweke kitu kingine, kahawa nayo ni kitu kingine.

Sasa nanusa maziwa kila asubuhi. Ya Malaika ndiyo mazuri kuliko yote, na hilo linaniuma kuliko ile pembe.