Mkuu wa Shule Agawana Nishati na Katibu Wake

Shangazi yangu anafundisha fizikia, na akishika chaki hamuogopi mtu. Siku moja mkuu wa shule, bwana mwenye tumbo la heshima, aliingia darasani na katibu wake kufuta somo la mionzi.

"Mwalimu, haya mambo hayaeleweki hata kwangu!"

"Kiini kizito cha atomu kikichoka kujishikilia, Mkuu, hurusha chembe ndogo. Nishati inayotoka, kiini na chembe hugawana. Unadhani nani anapata zaidi?"

"Mkubwa, bila shaka! Ndiyo utaratibu."

"Basi kaa hapa."

Akamkalisha kwenye kiti cha ofisi chenye magurudumu, na katibu wake, mwembamba kama rula, kwenye kingine, wakitazamana, nyayo zao zikigusana.

"Haya, sukumaneni!"

Mkuu akasogea kama kabati lililojaa. Katibu akafyatuka kinyumenyume hadi ukutani, akicheka mpaka machozi.

"Msukumo ni sawa kwa wote," akasema shangazi, "lakini mwepesi ndiye anayeondoka na mbio, na karibu nishati yote."

"Na mkubwa?"

"Anatikisika tu, Mkuu."

Darasa zima likaangua kicheko. Mkuu akajifuta jasho.

"Haya, somo libaki. Lakini wiki ijayo, mimi ndiye chembe."