Kitenge Kilichosimamisha Mtumbwi

Kwa nini Mzee Masanja, mwenye mtumbwi, aliinua injini huku amegeuza uso?

Biashara ya pamba ilikuwa imefunguliwa kwa watu binafsi, nami, binti msomi kutoka Somanda, nikaajiriwa kuikusanya katika vijiji vya ziwani. Tulipoondoka ufukweni injini ilinguruma lakini mtumbwi haukwenda. Mawimbi yakaanza kutusukuma kwenye mawe, sisi na magunia ya pamba ya watu.

"Mayo, mama, tuangalie propela kwanza," mzee alisema.

"Ushahidi uko wapi? Petroli yako ina maji!"

"Ingekuwa na maji ingenguruma hivi?"

Sikumsikiliza. Nikafungua plagi, nikanusa tangi, nikamhoji kama polisi. Mwishowe akainua injini. Propela ilikuwa imejifunga kitenge changu, nilichokianika nyuma ya mtumbwi baada ya kubishia onyo lake kwamba kitu chochote kisiwekwe karibu na injini.

"Kitoe mwenyewe," alisema, macho yakiwa milimani. Akina mama ufukweni wakapiga vigelegele.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeolewa na mwanawe, niliambiwa kwamba mzee alikiona kitenge kikidondoka. Kijana wake alikuwa ameshamweleza kuwa ananitaka, na kwetu baba mkwe hagusi wala hataji nguo ya mkwewe; akina mama walielewa kabla yangu, ndiyo maana ya vigelegele.